Muulize Shangazi: Naombeni msosi usio na nyama, maziwa wala yai

Mwezi huu barua za msosi zimezidi za mapenzi, sijui ni baridi au ndo watu wameamua kuwa na akili, na karibu zote zinazunguka jambo moja, mtu asiyegusa kitu chochote cha mnyama anaendaje hotelini huku kwetu Nyanda za Juu Kusini na akala akashiba akafurahi. Nimechambua chache. Zile za kuniuliza kama wanaume wala majani wana nguvu nimeziweka pembeni, mnajijua.

Shangazi shikamoo. Mimi ni dada wa miaka 27 naishi Mbeya maeneo ya Soweto, ni muda sasa sili nyama, samaki, mayai wala maziwa. Juzi ilikuwa besidei yangu na rafiki yangu bila kuniambia akaenda kuongea na mama mmoja mwenye mgahawa mdogo huku Kabwe, nafika naletewa sahani yangu peke yangu, ndizi mbalaga zimepikwa na karanga, msusa, maharage ya njano yamekolea mchuzi mzito, kachumbari na parachichi nusu, Shangazi machozi yalinilenga maana nimezoea wenzangu wanakula kuku mimi napewa wali mweupe na kabichi kama mgonjwa. Sasa nikanogewa, nikaenda sehemu nyingine, nikajieleza kabisa kwamba sili vitu vya mnyama, mhudumu anaitikia tu ndiyo dada ndiyo dada, mboga zikaja zina usipa ndani, vile visamaki vidogo, kumuuliza ananijibu "si umesema hutaki nyama". Naomba unisaidie nawezaje kupata ile sahani ya Kabwe popote ntakapoenda, na yule mama nikimuomba kila wiki si ntaonekana msumbufu?
*Mla Mboga, Soweto*

Marahaba mwanangu. Hongera kwa rafiki, wengine besidei zetu zinaishia kupostiwa picha ya mwaka juzi na kopakopa mbili.

Ngoja kwanza niiongelee hiyo sahani maana umenitamanisha. Yule mama hakukupikia kitu kigeni, alikupikia cha nyumbani kwake, na hiyo ndo siri yote. Ndizi mbichi zikishamenywa na kusuguliwa limau zisiwe nyeusi zinawekwa na kitunguu, nyanya na hoho, zikikaribia kuiva ndo inaingia karanga iliyokaangwa ikatwangwa ikalainishwa na maji ya uvuguvugu, moto unapunguzwa na mtu anasimama hapo hapo na mwiko, maana karanga ukiipa mgongo tu imeshika chini na sufuria nzima inanuka moshi. Ile mafuta yake ndo inafanya kazi ambayo kwa wengine inafanywa na nyama. Msusa nao siyo mboga ya haraka, yale majani ya maboga yanatolewa nyuzi moja moja, asiyetoa nyuzi utamjua kwenye meno. Na maharage ndo usiseme. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, huku juu maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100 za pwani, kwa hiyo maharage yanayoiva haraka Dar huku yanakula mkaa mpaka unajuta, na ukiona yamekuja laini hayajasambaratika basi kuna mtu aliyaloweka tangu jana yake. Ndo maana nasema ile sahani haikupikwa saa saba, ilianza kupikwa siku iliyotangulia, na rafiki yako alilijua hilo.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni kwamba usiongee na menyu na usiongee na mhudumu, ongea na mpishi, na uongee naye mapema. Ukiingia saa saba mchana watu wamejaa, mama wa watu jasho linamtoka, kuna sahani kumi na mbili zinasubiri, afu wewe unaanza kujieleza unaishije, hata ningekuwa mimi ningekwambia ndiyo ndiyo ili uondoke dirishani. Pita saa nne asubuhi au mtumie meseji jana yake. Na yule mhudumu wa usipa wala usimchukie, huku kwetu ukisema huli nyama watu wanaelewa ng'ombe, mbuzi na kitimoto, kuku kuna wasiomhesabu, na usipa wa Ziwa Nyasa ndo kabisa kwa watu wengi ni kiungo cha mboga tu kama kitunguu. Hakudanganya, alijibu alichosikia. Kwa hiyo acha maelezo marefu, taja vitu kimoja kimoja. Mimi ningeandika hivi, nakili tu:

"Mama shikamoo, kesho saa saba tunakuja watu watatu. Mmoja wetu hali nyama yoyote, kuku, samaki, dagaa wala usipa, mayai, maziwa, siagi wala samli. Tunaomba ndizi za karanga au ugali, maharage, mboga ya majani ya karanga, mafuta yawe ya alizeti ambayo hayajakaangia kitu kingine. Supu ya nyama na kiungo cha unga cha nyama au kuku tafadhali usiweke. Niambie bei nikutumie nusu sa hivi."

Hapo hamna atakayekuelewa vibaya, na hiyo sentensi ya mwisho ndo inafanya meseji isomwe mara mbili.

Vya kuchunga zaidi ni vile usivyoviona. Karai la mafuta kwanza. Mbeya tunavyopenda kitimoto unajua mwenyewe, na ndizi za kukaanga zinazopendeza pembeni mara nyingi zimepita kwenye karai lile lile, chipsi nazo zimeoga na kuku tangu asubuhi. Pilau inapikwa na supu ya nyama hata ile ambayo hujaona nyama ndani yake. Chapati kuna anayekandia maji na mafuta, kuna anayekandia maziwa, na kuna anayetia siagi ya kopo ambayo baadhi yake ina maziwa, uliza. Maharage ya hotelini kuna wanaoyaunga kwa supu iliyobaki jana ili yanoge. Usikague jiko la watu kama bwana afya, uliza hayo manne tu kwa upole na uishie hapo.

Kuhusu yule mama wa Kabwe, kwanini uwe msumbufu? Mteja anayekuja siku moja inayojulikana, anasema mapema, analipa bila kubembelezwa, huyo ni dhahabu. Chagueni siku, mfano kila Jumatano, na siku nyingine nenda na wenzako wawili wanaokula kila kitu ili sufuria ya karanga isipikwe kwa mdomo mmoja. Na kama bei yake ni kubwa kidogo kuliko wali maharage wa kawaida lipa, karanga siyo bure na kutoa nyuzi siyo bure. Hela ya soda mpe mpishi mkononi mwenyewe, ukiiacha mezani inaenda kwa mwingine.

Kamwene Shangazi. Mimi ni kijana wa Iringa nimeoa mwaka jana. Mama mkwe anakuja kututembelea kwa mara ya kwanza, ni Msabato, nasikia hali nyama kabisa na maziwa ameacha. Nataka nimpeleke hoteli nzuri Jumamosi mchana ajisikie ameheshimiwa, lakini siwezi kumuuliza mkwe unakula nini hunywi nini, unaelewa. Nifanyeje nisije nikaaibika?
*Mkwe Mpya, Kihesa*

Kamwene mwanangu. Jumamosi?! Mungu amekuokoa umeandika mapema. Sabato inaanza Ijumaa jua likizama mpaka Jumamosi jua linazama, na Msabato anayeshika siku yake haendi kununua chakula hotelini mchana huo, ungempeleka ungemtia kwenye mtihani wa kuvunja imani yake au kumvunjia heshima mkwewe. Hamishia Jumapili. Jumamosi apumzike nyumbani, na chakula kiwe kimeshapikwa Ijumaa.

La pili, kuuliza siyo kazi yako, una mke. Mke anamuuliza mama yake kwenye simu kama maongezi tu, mama siku hizi unatumia nini, afu anakupa orodha. Usipitishe kwa shemeji zako, wataongeza chumvi. Wasabato wengi wanafundishwa kula zaidi vya mimea ila hawafanani, kuna anayekunywa maziwa, kuna asiyegusa, kwa hiyo hiyo orodha ni ya mama yako mkwe peke yake, usiipate kwa jirani Msabato. Na kitu ambacho wengi mnasahau, wengi wao hawatumii kahawa wala majani ya chai, kwa hiyo mwisho wa chakula usimwagizie chai ya rangi ya Mufindi ukidhani umepatia, omba maji ya moto yenye mchaichai au tangawizi.

Hoteli yenyewe, chagua isiyouza kitimoto na ambayo haina baa, hata kama chakula cha ile nyingine ni kitamu. Nenda mwenyewe siku mbili kabla, onana na mpishi, mpe karatasi iliyoandikwa. Naisisitiza karatasi kwa sababu maneno yanapotea njiani kati ya meza na jiko. Hapo hapo kwenu Iringa kuna mkahawa wa Neema Crafts, kazi ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, wahudumu ni viziwi na oda unaandika, na mimi huwa nawaambia watu wenye masharti ya chakula waige tabia hiyo kila mahali, maana kilichoandikwa hakiwezi kugeuka kabichi ya siagi. Lipa kabla ya siku. Siku yenyewe mhudumu asije kuuliza mbele za mkwe "ni nani yule asiyekula nyama", hilo lazima umwambie mapema, sahani ya mama iwe ya kwanza kufika na ije bila tangazo. Na wewe mwenyewe uagize hicho hicho anachokula yeye. Kuku utamla Jumatatu.

Msimu ukiwa wa mvua waulize kama wana uyoga. Uyoga wa porini wa kwenu ukipikwa na nyanya na karanga mkwe atakusifia ukoo mzima, ila wapishi wanunue kwa anayeujua kweli, wa sumu unaua. Nje ya msimu kuna uyoga wa kulima unaoitwa mamama, hauna shida.

Shangazi habari za kazi. Nina kibanda cha chakula Uyole, wanafunzi wa chuo na watu wa ofisini wananiulizia chakula kisicho na maziwa wala nyama, wengine wanasema vegani. Mimi nataka hela yao lakini sitaki kununua sufuria mpya zote, na sijui nitoze bei gani maana nyama haipo. Nishauri.
*Mama Lishe wa Uyole*

Nzuri dada yangu. Sufuria mpya zote za nini? Chukua sufuria mbili, karai dogo moja, miiko miwili na ubao mmoja wa kukatia, funga kitambaa cha rangi kwenye mpini au piga alama ya rangi, basi hivyo ni vya huko tu, na msaidizi wako ajue kwamba mwiko wa mchuzi wa ng'ombe ukiingia humo umeharibu biashara. Huna haja ya maziwa ya soya ya dukani wala vitu vya bei mbaya vilivyotoka Dar. Uyole umekaa juu ya viazi, juu ya maharage, kuna njegere, kabichi, karoti, chainizi, figiri, mchele wa Kyela na wa Mbarali unapita hapo hapo barabarani, parachichi za Rungwe zinashushwa kila siku. Wewe ndo una ghala, mtu wa Ulaya ndo anahangaika.

Pika makande Jumatatu, mahindi na maharage vikikaa pamoja vinajazana protini, alichopungukiwa mmoja mwenzie anacho. Siku nyingine viazi vya njegere, siku nyingine ndizi. Siyo lazima kila siku upike milo mitatu, mmoja ulionyooka unatosha na wateja wengine nao watakula, hutajua hata nani ni nani.

Kuhusu bei usikubali maneno ya "lakini si hakuna nyama", mtu huyo muulize kilo ya karanga safi ni shilingi ngapi sokoni Mwanjelwa afu arudi. Piga hesabu ya karanga, mkaa wa maharage na muda wako, weka faida, taja bei bila kutetemeka. Oda maalum ya mtu mmoja achangie nusu kwa simu jana yake, asiyetuma usiloweke.

Ila hapa kwenye karanga nikukazie. Sahani yako yote imesimama juu ya karanga, kwa hiyo chambua kabla hujakaanga, iliyosinyaa, yenye ukungu, yenye rangi ya ajabu au chungu mdomoni tupa, usiseme nitaisaga haitaonekana. Kuna sumukuvu, ukungu ukiota kwenye karanga au mahindi unaacha sumu inayoshambulia ini na kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walifariki kwa mahindi yenye sumu hiyo, siyo hadithi. Nunua kidogo kidogo, tunza pakavu, na ile karanga iliyosagwa tayari ya kwenye ndoo ambayo hujaona ilikotoka achana nayo.

Kiungo cha unga soma nyuma ya pakiti. Vingine vimeandikwa vya mchuzi tu na ndani kuna nyama ya ng'ombe. Kitunguu kilichokaangwa mpaka kikawa cha kahawia, kitunguu saumu, tangawizi na nyanya iliyoiva sana, hivyo vinne havijawahi kumwangusha mtu.

Habari ya kazi mwanangu wa gazetini. Mimi ni mzee niko Tukuyu. Mjukuu wangu amekuja likizo toka Dar, nimempa maziwa ya mtindi ya ng'ombe wangu mwenyewe akakataa, kuku nimemchinjia akakataa, anasema yeye hali tena vitu hivyo. Haya ni mambo gani ya wazungu yasiyokuwepo zamani? Bibi yake analia.
*Mzee wa Tukuyu*

Shikamoo mzee wangu. Pole na pole kwa bibi pia, kuku aliyechinjwa akakosa mlaji anauma. Umepatia nusu. Chama cha kwanza cha watu kama mjukuu wako, wanaojiita vegani, kilianzia Uingereza mwaka 1944, waanzilishi walijitenga na wale waliokuwa wanaacha nyama lakini wanaendelea na maziwa na mayai. Kwa hiyo jina ni la huko na siyo la zamani sana. Lakini mzee, hata mahindi, maharage, karanga, nyanya na viazi mviringo mababu zetu wa zamani sana hawakuvijua, vyote asili yake ni Amerika, vikaja vikawa vyetu mpaka leo mtu akikwambia ugali ni wa kigeni unampiga fimbo.

Na sitakudanganya kama wale wanaosema wazee wetu wote walikuwa wanakula majani tu. Wanyakyusa na ng'ombe na maziwa, nani asiyejua? Nyama ndo ilikuwa ya harusi na msiba, maziwa yalikuwa ya kila siku, kwa hiyo mjukuu wako kuacha mtindi Tukuyu ni jambo kubwa na una haki ya kushangaa. Muulize kwanini, mara moja, kwa utulivu, usikilize mpaka mwisho. Wengine ni huruma kwa wanyama, wengine ni tumbo, maziwa yanawasumbua kweli na wanaona aibu kusema.

Bibi asilie, bibi ndo ana jiko bora kwa huyo mtoto kuliko hoteli yoyote ya Dar. Ndizi, magimbi, maharage, msusa wa karanga, viazi vitamu, parachichi la nyuma ya nyumba lililoiva mtini... Mpikieni na mtamuona anavyofuta sahani. Ninachoomba ni kimoja, bibi asimtilie maziwa kimya kimya kwenye ndizi kwa kuwa "hatajua". Atajua, na akijua hatakula tena kwenu hata ugali. Ndaga fijo kwa kuandika mzee wangu.

Mambo Shangazi, asali je? Niko Mafinga, rafiki yangu wa hivyo hali asali na mimi ndo nimemletea zawadi chupa nzima.
*Nimeduwaa*

Poa. Wengi wao hawali asali kwa sababu ni ya nyuki na nyuki ni mnyama, kwa hiyo hajaringa. Chupa mletee Shangazi. Yeye mpelekee parachichi.

Na ulanzi? Shangazi nauliza kwa niaba ya rafiki.
*Rafiki wa Rafiki, Njombe*

Ulanzi ni utomvu wa mianzi michanga unaochachuka wenyewe, hauna mnyama ndani ukiondoa mdudu mmoja mmoja anayeogelea, huyo muondoe kwa kidole. Mwambie "rafiki" asiendeshe pikipiki baada ya hapo.

Shangazi shikamoo. Nimeacha nyama na maziwa miezi kadhaa, kwenye ile migahawa nakula vizuri ila mama yangu anasema nitaishiwa damu na nina mpango wa kupata mtoto. Ni kweli au ananitisha?
*Mwenye Wasiwasi, Makambako*

Marahaba mwanangu. Mama hakutishi, ana nusu ya ukweli, na hili silifanyii utani.

Kuna vitamini inaitwa B12, mtu mzima anahitaji kama mikrogramu 2.4 kwa siku, kidogo sana, lakini kwenye mimea haipatikani kwa kutegemewa, ipo kwenye nyama, samaki, mayai, maziwa, na kwenye vyakula vilivyoongezewa virutubisho au vidonge. Msusa hata ule ndoo nzima hauna. Shida yake ni kwamba ini linaitunza akiba ya muda mrefu, hata miaka, kwa hiyo unajiona mzima unasema mbona niko freshi, afu inaanza ganzi ya vidole, uchovu, kusahau sahau na upungufu wa damu, na mishipa ya fahamu ikishaumia mingine hairudi. Kwa hiyo kidonge cha B12, au vyakula vilivyoongezewa ambavyo umesoma pakiti ukahakikisha. Na kwa kuwa unataka mtoto nenda kliniki kabla, waambie wazi huli vitu vya mnyama, wapime damu, wakupe ushauri na ile foliki asidi. Usifiche kwa kuogopa kuchekwa na nesi.

Madini ya chuma unayapata kwenye maharage, dengu na mboga za kijani ila mwili unayachukua kwa ubishi. Kamulia limau au kula chungwa kwenye chakula hicho hicho, inasaidia sana. Na ile tabia yetu ya kushushia wali maharage na kikombe cha chai ya rangi iache, chai inazuia chuma, kunywa saa moja baadaye. Ukiwa mgahawani omba kachumbari yenye ndimu nyingi badala ya chai, basi umeshatibu nusu ya maneno ya mama.

Shangazi, nasafiri kwa basi Mbeya mpaka Dar, sili vitu vya mnyama, hapo basi linaposimama dakika kumi hamna mpishi wa kuongea naye, ushauri wako wote unakufa. Nife njaa?
*Abiria, Mwanjelwa*

Haufi ushauri, unahamia jana yake. Nenda kwa mama wako wa kila siku umwambie akufungie saa kumi na mbili asubuhi viazi vya kuchemsha vilivyokaushwa na kitunguu na pilipili manga, chapati mbili za maji na mafuta, ndizi mbivu na karanga. Vitu vikavu. Maharage yenye mchuzi kwenye basi ni kutafuta ugomvi na jirani, na njegere zinachacha haraka joto likianza kupanda huko mbele.

Hoteli za njiani usizitegemee, pale kila kitu kimepikwa kwa pamoja na kwa haraka, chipsi na kuku karai moja, wali nao hujui uliungwa na nini, na mhudumu ana watu hamsini wanaopiga kelele dereva anaondoka. Ukilazimika chukua ugali na mboga ukiwa umeichungulia kwanza, au matunda. Lakini dirishani njia nzima ni soko, Makambako parachichi, mahindi ya kuchoma na ya kuchemsha yakiwa msimu, ukifika Ilula nyanya zimepangwa ndoo kwa ndoo, nunua mbili na chumvi yako mfukoni. Ukitaka kula kula kabla basi halijaanza kushuka Kitonga, zile kona pale watu wanakamata mifuko kwa kazi nyingine, na ukifungua kiporo cha kitunguu wakati huo utashushwa Ruaha Mbuyuni na hao hao abiria wenzako.